Ukuta, Kamera na Hesabu: Nini Kinatosha Kuthibitisha Modeli ya Uashi?

Tarehe 16 Agosti 2012 ardhi ilitikisika katika kijiji cha Huizinge, mkoani Groningen, kaskazini mwa Uholanzi. Tetemeko hilo lilikuwa la ukubwa wa 3.6, na chanzo chake kilijulikana. Chini ya mkoa huo kuna hifadhi kubwa ya gesi iliyogunduliwa mwaka 1959 huko Slochteren. Kadiri gesi ilivyotolewa, mwamba ulioibeba ulijikunyata, na mipasuko ya kale ndani yake ikaanza kuteleza. Juu ya ardhi, wenye nyumba za matofali walianza kuhesabu nyufa na kudai fidia. Kila dai lilirudisha swali lilelile: ufa huu umeletwa na tetemeko, na msingi uliotitia, au na uzee wa nyumba?

Mwishoni mwa mwaka 2016 Uholanzi ilipata sheria iliyoweka dhana kwamba uharibifu wa aina hiyo ndani ya eneo husika umesababishwa na uchimbaji, mpaka upande wa pili uthibitishe vinginevyo. Oktoba 2023 uzalishaji wa gesi ulisitishwa. Sheria ilihamisha mzigo wa ushahidi, lakini swali la kihandisi lilibaki palepale. Anayetaka kusema kwamba mtikisiko fulani unaweza au hauwezi kupasua ukuta fulani lazima awe na modeli, yaani hesabu inayotabiri ukuta utasogea vipi na utapasuka wapi. Na modeli hiyo lazima nayo iwe imejaribiwa.

Hapo ndipo kamera ilipoingia. Kwa miaka 40 hivi watafiti wamekuwa wakijifunza kupima misogeo midogo kwa kulinganisha picha za kitu kimoja kabla na baada ya kubebeshwa mzigo. Ninachotetea hapa ni kwamba vipimo vya picha vimepandisha kiwango cha ushahidi tunachopaswa kudai kwa kila modeli ya uashi, na kwamba kiwango hicho kinafikiwa tu pale ambapo kamera yenyewe imetiliwa shaka kwa ukali uleule tunaotumia kuitilia shaka modeli.

Milimita chache zinazoamua

Uashi hubeba mgandamizo vizuri na mvuto vibaya. Tofali likibanwa huvumilia sana, lakini mshono wa mota kati ya tofali na tofali huachia kwa nguvu ndogo ya kuvuta. Kwa hiyo ukuta hupasuka mapema, wakati jicho bado halijaona kwamba umepinda.

Mwaka 1974 John Burland na Peter Wroth walipendekeza jengo litazamwe kama boriti nene inayopinda pamoja na ardhi iliyotitia, na hatari ipimwe kwa mnyumbuko wa mvuto, yaani urefu ulioongezeka ukigawanywa kwa urefu wa awali. Mwaka 1989 Boscardin na Cording waliunganisha viwango vya mnyumbuko na madaraja ya uharibifu. Chini ya asilimia 0.05 madhara ni ya kupuuzwa. Kati ya asilimia 0.075 na 0.15 ni madogo, yakivuka 0.3 ni makubwa. Kwa ukuta wa mita 3, asilimia 0.05 ni milimita 1.5, na asilimia 0.15 ni milimita 4.5. Ndani ya tofauti hiyo ya milimita tatu, uamuzi wa kuhamisha familia, kuimarisha msingi au kuacha nyumba kama ilivyo unaweza kugeuka kabisa.

Modeli za uashi zinaweza kupangwa katika makundi matatu. La kwanza ni la Jacques Heyman, ambaye mwaka 1966 aliweka misingi ya kuchambua matao na kuba kwa dhana tatu: mawe hayana nguvu ya mvuto, nguvu yake ya mgandamizo haina kikomo, na jiwe halitelezi juu ya jiwe. Kwa daraja la tao nadharia hii ni hazina, maana inaonyesha kama kuna njia salama ya mzigo kushuka hadi ardhini. Lakini haisemi tao litashuka milimita ngapi. Kundi la pili ni la boriti ya Burland, ambalo limetumika sana kutathmini majengo yaliyo juu ya mahandaki ya reli, ikiwemo njia ya Jubilee iliyorefushwa jijini London miaka ya 1990. Ni rahisi na la haraka, ila linakusanya madirisha, milango na mishono yote katika boriti moja.

Kundi la tatu ni la kompyuta. Mwaka 1978 A. W. Page, nchini Australia, alitenganisha matofali na mishono katika hesabu moja: matofali yakabaki yenye kunyumbuka na kurudi, mishono ikapewa uwezo wa kufunguka na kuteleza. Mwaka 1996 Paulo Lourenço, katika tasnifu yake ya Delft, alipanua njia hiyo pamoja na njia nyingine inayouchukulia ukuta wote kama kitu kimoja chenye tabia ya wastani. Modeli hizi ndizo zenye uwezo wa kutabiri ufa utaanzia wapi. Ndizo pia zinazodai namba nyingi: ukakamavu wa tofali, ukakamavu wa mota, nguvu ya mvuto ya mshono, msuguano, na nishati inayohitajika ili ufa usonge mbele.

Namba hizo hazipatikani kwa urahisi. Chukua ukakamavu wa ukuta chini ya mgandamizo. Kanuni za Ulaya, Eurocode 6, zinapendekeza uchukuliwe kuwa mara 1,000 ya nguvu ya ukuta. Mwaka 2007 watafiti wa IIT Kanpur nchini India walipima kuta za matofali ya kuchoma na kupata wastani wa mara 550, huku matokeo yakitawanyika kati ya mara 250 na 1,100. Aliyechukua namba ya kitabu bila kupima angetabiri karibu nusu tu ya mgeuko halisi wa kuta hizo.

Mstari mmoja hautoshi

Kwa muda mrefu modeli zilijaribiwa kwa mchoro wa nguvu dhidi ya msogeo. Mfano unaojulikana sana ni wa kuta zilizojaribiwa Eindhoven mwanzoni mwa miaka ya 1990 na Raijmakers na Vermeltfoort. Kila ukuta ulikuwa na upana na kimo cha takriban mita 1. Ulibanwa kwa juu kisha ukasukumwa ubavuni hadi ukapasuka. Mchoro wa nguvu na msogeo ukachapishwa, pamoja na michoro ya nyufa. Tangu hapo, modeli nyingi mpya zimepitishwa kwenye kuta hizo, na ile ambayo mstari wake ulifuata mstari wa maabara ilihesabiwa kuwa imefaulu.

Tatizo ni kwamba mstari huo ni jumla. Unaeleza ukuta mzima ulisukumwa kwa nguvu gani na sehemu ya juu ilisogea kiasi gani, bila kusema msogeo huo ulitoka wapi. Ukuta unaweza kusogea kwa sababu mishono yote imelegea kidogo, au kwa sababu ufa mmoja wa mshazari umefunguka, au kwa sababu ukuta wote umeinuka pembeni na kuyumba juu ya msingi. Njia hizi tatu zinaweza kuzaa mistari inayokaribiana. Modeli iliyopatanishwa na mstari peke yake ni sawa na mwanafunzi aliyeandika jibu sahihi bila kuonyesha njia: swali likibadilishwa kidogo, huwezi kujua kama atapata.

Kuna kasoro nyingine inayojificha kwenye kingo. Mtengeneza modeli hudhani kwamba boriti ya chuma iliyo juu ya ukuta haizunguki kabisa na kwamba msingi umetulia. Katika maabara hakuna chuma kisichopinda. Boriti ikizunguka kidogo tu, mgawanyo wa mzigo hubadilika, naye mhesabuji huanza kurekebisha namba za mota ili afidie kosa ambalo halikuwa la mota.

Vipimo vya kubandika ukutani havikuweza kumaliza utata huu. Kila kimoja hupima umbali kati ya nukta mbili, na anayekibandika lazima abashiri mapema ufa utapita wapi. Ukipita pembeni, kipimo kinasoma kimya. Tena mara nyingi huondolewa kabla ukuta haujaanguka ili kisiharibike, yaani wakati ambapo modeli ndiyo inahitaji kujaribiwa zaidi.

Kamera inavyogeuka kipimo

Kupima majengo kwa picha ni fani ya zamani. Mjerumani Albrecht Meydenbauer alinusurika kuanguka mwaka 1858 akipima kanisa kuu la Wetzlar, na tukio hilo likamsukuma kutafuta njia ya kupima bila kupanda. Mwaka 1885 taasisi ya kupima majengo kwa picha ilianzishwa Berlin chini yake. Ila yeye alitafuta umbo la jengo. Kupima mgeuko kunadai kulinganisha maumbo mawili yanayotofautiana kwa sehemu ndogo ya milimita.

Njia hiyo ilijengwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 katika Chuo Kikuu cha South Carolina, Marekani, na Peters, Ranson, Sutton na wenzao. Uso wa kitu hupakwa rangi nyeupe na kunyunyiziwa madoa meusi yasiyo na mpangilio. Picha ya kwanza hugawanywa katika vipande vidogo vya mraba, tuseme pikseli 21 kwa 21. Kwa kuwa madoa ya kila kipande hayafanani na ya kipande kingine, kompyuta inaweza kukitafuta kipande hichohicho katika picha iliyofuata na kukadiria kimesogea wapi. Inatumia mpito wa mwangaza kutoka pikseli hadi pikseli, kwa hiyo inaweza kusoma msogeo ulio mdogo kuliko pikseli moja. Katika maabara tulivu, kosa linaweza kushuka hadi karibu mia moja ya pikseli. Nje, kwenye upepo na jua, huwa kubwa zaidi.

Tufanye hesabu. Kamera yenye pikseli 4,000 kwa upana, ikitazama ukuta wa mita 1, huipa kila pikseli milimita 0.25. Ikiwa kosa ni sehemu ya 50 ya pikseli, msogeo unasomwa kwa usahihi wa milimita 0.005. Ufa wa milimita 0.1, ambao jicho linauona kwa shida, ni mara 20 ya kiasi hicho. Na usomaji huo haupatikani kwenye nukta mbili tu, bali kwenye maelfu ya nukta kwa wakati mmoja, bila mtu kubashiri ufa utapita wapi.

Mwaka 2003 White, Take na Bolton walionyesha katika utafiti wa udongo kwamba si lazima kupaka rangi: punje za mchanga zenyewe zilitosha kuwa madoa. Hilo lina uzito kwa majengo ya kihistoria, ambayo hakuna atakayeruhusu yanyunyiziwe rangi.

Picha nayo ina dhana zake

Wingi wa nukta hushawishi watu kuamini kwamba kamera inaonyesha ukweli mtupu. Ukweli ni kwamba kila kipimo cha picha kimepita kwenye dhana kadhaa, na angalau nne zinaweza kumpotosha anayejaribu modeli.

Ya kwanza ni msogeo wa kuelekea kamera. Kamera moja haiwezi kutofautisha ukuta uliotanuka na ukuta uliosogea mbele. Ukuta ulio mita 1 kutoka kwenye kamera ukijongea milimita 1, picha yote hukua kwa asilimia 0.1. Kiasi hicho cha uongo kinatosha kuupeleka ukuta mzima kwenye daraja la uharibifu mdogo hata kama hakuna mshono uliofunguka. Kamera ikirudishwa mita 10 na kuwekewa lenzi ya mbali, kosa hushuka hadi asilimia 0.01. Kamera mbili zinazotazama kwa pembe huutoa msogeo huo waziwazi.

Ya pili inahusu mwendelezo. Programu hudhani kwamba ndani ya kila kipande uso unanyumbuka taratibu bila kukatika. Ufa ukipita katikati ya kipande, dhana hiyo inavunjika. Programu itakitupa kipande, au itausambaza ufa uonekane kama eneo pana lililovutika. Mtu akiilinganisha picha hiyo na modeli ambayo nyufa zake pia zimesambazwa, vitapatana vizuri, na upatano huo hautakuwa na maana yoyote kuhusu ukuta.

Ya tatu ni kugeuza misogeo kuwa minyumbuko. Kosa la milimita 0.005 katika mshono wa mota wa milimita 10 ni mnyumbuko wa asilimia 0.05, yaani sawa na mpaka wa daraja la kwanza la uharibifu. Kosa lilelile katika umbali wa milimita 200 ni asilimia 0.0025 tu. Anayepima umbali mrefu anapata namba tulivu ila anapoteza mshono. Anayepima mfupi anauona mshono kupitia ukungu. Ramani za rangi zinazopendeza katika ripoti nyingi hazisemi umbali gani ulichaguliwa, na bila taarifa hiyo haziwezi kuamua jambo.

Ya nne ni kwamba kamera huona ngozi. Mwaka 1969 Hilsdorf alieleza kwamba ukuta ukibanwa, mota laini hutaka kutanuka pembeni, matofali magumu huizuia, nayo matofali huvutwa hadi yakapasuka. Ufafanuzi huu unategemea mota iwe laini kuliko tofali, na uzuiaji huo una nguvu ndani ya ukuta kuliko usoni, ambako mota iko huru upande mmoja. Kwa hiyo picha inaweza kuonyesha mshono wa nje ukitanuka kwa kiasi ambacho mshono wa ndani haukufikia. Modeli bapa isiyo na kina, ikipatanishwa na picha hiyo, itajifunza tabia ya ngozi na kuiita tabia ya ukuta.

Yaliyopatikana Delft na Leeds

Katika Chuo Kikuu cha Ufundi cha Delft, Paul Korswagen, Jan Rots na wenzao walijenga kuta kamili zenye uwazi wa dirisha na kuzisukuma mbele na nyuma kwa misogeo midogo, ile inayofanana na ya matetemeko madogo ya Groningen. Uso wa kuta ulipakwa madoa na kupigwa picha kwa kamera zenye pikseli nyingi. Kila ufa ulifuatiliwa tangu haujaonekana kwa macho, na idadi, upana na urefu wa nyufa vikaunganishwa katika kipimo kimoja cha uharibifu, walichokipa herufi ya Kigiriki psi.

Faida kubwa ya kazi hiyo iko katika aina ya maswali iliyoweza kujibiwa. Ufa unaanzia kwenye kona gani ya dirisha? Unaendelea kukua ukuta unaporudishiwa msogeo uleule mara nyingi? Majibu yalipatikana kwa upana na urefu wa nyufa, na modeli za kompyuta zikadaiwa kuzaa nyufa hizohizo mahali hapohapo. Baada ya hapo tu ndipo zilipotumiwa kuchunguza hali ambazo maabara haikuzijaribu, kwa mfano nyumba iliyokwisha kupata nyufa za kutitia kabla tetemeko halijafika. Utaratibu huo ni wa heshima: modeli ilipewa ruhusa ya kusema kuhusu yasiyoonekana baada ya kufaulu katika yaliyoonekana.

Leeds, Uingereza, ilitoa somo la nje ya maabara. Sinan Acikgoz na wenzake walipima daraja la matao ya matofali la Marsh Lane wakati treni zinapita. Kamera zilitazama misogeo ya sehemu za milimita, huku nyuzi za faiba zilizofungwa kwenye matao zikisoma minyumbuko. Vyombo viwili vyenye udhaifu tofauti vilitazama tukio moja. Faiba haijali kama kamera imetikiswa na treni, na kamera haijali gundi iliyoibandika faiba. Vikikubaliana, modeli haina pa kukimbilia. Vikitofautiana, anayepima anajua pa kuanzia.

Njia ya haki ya kulinganisha

Kutokana na hayo, naona masharti manne ambayo jaribio la modeli lisiyakose.

Sharti la kwanza: modeli itazamwe kwa jicho lilelile lililotazama ukuta. Misogeo iliyohesabiwa itumike kuigeuza picha ya madoa, kisha picha hiyo ya kubuni ipitishwe kwenye programu ileile, kwa vipande vya ukubwa uleule. Hapo ukungu wa kamera utakuwa sawa pande zote mbili, na tofauti itakayobaki itakuwa ya ukuta na modeli.

Sharti la pili: kingo zipimwe. Picha hizohizo zinaonyesha jinsi boriti ya juu ilivyozunguka na msingi ulivyoinuka. Modeli ipewe misogeo hiyo badala ya kingo kamilifu za kwenye karatasi. Naliona hili kuwa faida ya kamera isiyosifiwa vya kutosha, kwa sababu linafunga mlango mkubwa wa kurekebisha namba kiholela.

Sharti la tatu: data ya kupatanisha isiwe data ya kuhukumu. Ukuta mmoja utumike kutafuta namba za mota, na ukuta mwingine, wenye dirisha mahali pengine au mzigo tofauti, utumike kuuliza kama namba hizo zina maana. Utabiri ukiandikwa kabla ya jaribio, ni bora zaidi. Na kwa kuwa kuta mbili za fundi mmoja hazifanani kabisa, utabiri utolewe kwa mapana yake.

Sharti la nne: hukumu itolewe juu ya nyufa, yaani mahali, mfuatano, ufunguko na mtelezo. Hizo ndizo zinazomhusu mwenye nyumba, na ndizo ambazo kamera huzisoma vizuri kuliko minyumbuko ya kila nukta.

Kuta za matumbawe

Masharti haya yana uzito wa pekee kwenye pwani yetu. Kuta za Mji Mkongwe wa Zanzibar, za Lamu na za magofu ya Kilwa Kisiwani zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, bila kozi zilizonyooka kama za tofali. Sehemu ya Beit al-Ajaib, jengo la mwaka 1883, iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 na kuua watu wawili. Namba za Delft haziwezi kuhamishiwa kwenye kuta hizo. Chokaa hukomaa kwa kufyonza hewa ya kaboni polepole, kwa miezi na miaka, hivyo hata umri wa ukuta wa majaribio hubadilisha jibu.

Mradi wa Zamani wa Chuo Kikuu cha Cape Town umepima Kilwa na maeneo mengine ya urithi kwa leza, kazi yenye thamani kubwa. Lakini umbo lililopimwa mara moja haliwezi kusema ukuta unasogea. Linahitaji kupimwa tena na tena kutoka alama zisizohama. Jiwe la matumbawe lililo wazi lina matundu na madoa ya kutosha kuongoza kamera bila rangi. Palipopigwa lipu, tahadhari inahitajika, kwani lipu iliyobanduka husogea peke yake na kamera haitajua.

Kinachowezekana kuanza nacho ni kuta za majaribio zilizojengwa na mafundi wa pwani, kwa mawe na chokaa cha huku, zikabanwa na kusukumwa mbele ya kamera mbili zilizosimama imara. Vifaa hivyo haviko nje ya uwezo wa chuo cha uhandisi. Bila kuta hizo, atakayeandika ripoti kuhusu usalama wa jumba la chokaa atakuwa anaazima namba za matofali ya Ulaya na kuzipa sauti ya uhakika ambao hazina.

Ripoti kama hizo huamua nani ahame, nani alipwe na jengo gani libomolewe. Kwa hiyo mhandisi anayeleta modeli aulizwe imetabiri nyufa za ukuta upi ambao haikuuona kabla, kosa la kamera lilikuwa kiasi gani, na kingo zilipimwa au zilidhaniwa. Akiwa na majibu, modeli yake inastahili kusikilizwa hata mahakamani. Akiwa hana, mstari uliofuata mstari usitumike kumnyima mtu haki yake wala kumhakikishia kwamba dari iliyo juu ya watoto wake haitaanguka.